Lista ya presensi ni ya kutafuta mutoto, si ya kumufukuza

Kila familia ya mina inajua lista. Mbele ya kushuka chini ya udongo, mutu anaandikisha jina, anaacha jetoni yake, anachukua taa. Akipanda, anarudisha taa na kuchukua jetoni. Hakuna mutu anafanya vile juu ya kufurahisha wakubwa. Siku udongo unaanguka, zile jetoni njo zinasema nani amebaki ndani. Mwenye aliandikisha jina kisha akaenda zake ku nyumba, wenzake wanaweza kukufa wakimutafuta pahali hayuko. Na mwenye alishuka bila kuandikisha, hakuna mutu atajua kumutafuta.

Tunaanza na mambo ya mugodi kwa sababu leo tunataka kusema juu ya lista ingine: ile inazunguka mu vyumba vya masomo vya iniversite zetu, hapa Lubumbashi, kule Likasi na Kolwezi. Wazazi wengi wanalipia ile lista bila kuiona hata siku moja.

Kanuni za masomo ya juu mu inchi yetu zinasema wazi kwamba mwanafunzi anapaswa kufika ku masomo, ku mazoezi na ku staji. Si mambo mapya. Kilicho kipya ni namna ya kuhesabu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, serikali imesukuma iniversite zote ziingie mu mupango wenye wanaita LMD. Zamani mutoto alifanya miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi. Sasa lisansi ni miaka 3, na hesabu yake ni ya kredi: semestri moja kredi 30, mwaka kredi 60, lisansi nzima kredi 180. Kredi moja ni saa 25 za kazi.

Wazazi, tufanye hesabu pamoja. Kredi 60 mara saa 25, ni saa 1,500 kwa mwaka. Kwa mutu wa posti ya saa 8, ni zaidi ya siku 187 za kazi. Sehemu ya zile saa mutoto anazifanya mbele ya mwalimu. Sehemu ingine anazifanya peke yake: kusoma, kuandika, kutafuta mu vitabu, kukaa na wenzake juu ya hesabu zenye kukatala. LMD haiulizi tu kama mutoto alipita mutihani. Inauliza kama alifanya kazi. Hapo tunakubaliana nayo kabisa.

Lakini tunaona nini? Lista inapita mu benchi, na mwanafunzi mumoja anatia majina ya watu watatu. Wale wengine wako wapi? Mumoja ako ku karyere, anachimba. Mwingine amekwenda Kasumbalesa juu ya biashara. Wa tatu amelala. Mwisho wa mwaka muzazi anaambiwa: «Papa, profesere ananichukia.» Na ule muzazi, mwenye alitoa makuta ya minervali mu mushahara wake ama mu mifuko ya mawe aliyobeba ku mugongo, amenunua paka jina juu ya karatasi.

Hatusemi kwamba watoto wote ni wavivu. Tunawajua. Ni watoto wetu. Wengi wanakosa kwa sababu zenye hata sisi wazazi tungekosa: hakuna makuta ya transpori, hakuna chakula tangu jana. Mwingine alikwenda kuchimba wakati wa likizo juu ya kutafuta minervali, akaona makuta kidogo, na masomo yalipoanza hakurudi. Alisema «wiki moja tu». Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa semestri. Mutoto wa namna ile hakuamua kuacha masomo. Aliteleza polepole, na hakuna mutu alimuita jina.

Kuna neno lingine lenye kutuumiza. Mutoto anafika asubuhi, anasimamishwa ku mulango kwa sababu hajamaliza kulipa. Anarudi. Lista inapita ndani, naye anaandikwa kwamba hakuja. Tunasema wazi: kumufungia mutu mulango kisha kumuandika hakuja, ni kumuhukumu mara mbili kwa kosa moja, na kosa lenyewe si lake, ni la mufuko wa baba yake. Iniversite ina haki ya kudai makuta yake. Haina haki ya kuandika uongo mu lista.

Na walimu? Tuseme ukweli. Kuna maprofesere wanafika kila siku, wanafundisha mu chumba chenye watu wengi kupita benchi, wengine wamesimama ku madirisha, na tunawaheshimu sana, maana tunajua mishahara yao na namna inachelewa. Lakini kuna wengine wanafundisha mu miji mitatu. Wanakuja wiki moja, wanamaliza somo la semestri nzima asubuhi mpaka usiku, wanauza silabisi, wanaondoka. Mu somo la namna ile, saa za mutoto za kufanya kazi peke yake atazipata wapi? Nani atasoma kazi yake na kumuonyesha kosa? Kama saa 25 za kredi ni sheria kwa mwanafunzi, ni sheria kwa mwalimu pia. Lista yenye kuhesabu mutu mumoja na kumuacha mwingine, hiyo si sheria.

Wengine watasema: mambo ya iniversite inatuhusu nini, sisi watu wa mina? Inatuhusu mbele ya watu wote. Wakati Gécamines ilikuwa na nguvu, kampuni yenyewe ilisomesha watoto wa wafanyakazi wake. Mutoto alizaliwa ku hospitali ya kampuni, akasoma ku masomo ya kampuni, na baba hakuuliza bei. Kisha mambo yakaharibika. Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka mu ile programu yenye iliitwa «kuondoka kwa kupenda», na familia nyingi zinajua kama kweli walipenda. Tangu siku zile, masomo ya mutoto yako juu ya mabega ya muzazi. Makuta yale hayana mutu wa kuyarudisha.

Na kuna sababu moja kubwa kupita ile ya makuta. Watoto wetu wengi wanasoma politekniki, jioloji, kemia, umeme. Kesho mumoja wao ataambiwa aangalie ukuta wa karyere na aseme kama wachimbaji wanaweza kuingia. Mwingine atahesabu hewa yenye inafika chini. Kama siku ya somo lile alikuwa Kasumbalesa na mwenzake akamutilia jina, ule ukuta hautajua kusoma diploma yake. Utaanguka. Na wenye watakuwa chini ni sisi, ama watoto wa jirani zetu. Njo maana hatuwezi kuita jina la uongo mu lista «musaada wa rafiki».

Sasa tunaomba nini?

Kwa wakubwa wa iniversite: lista itumike mapema. Mutoto akikosa wiki mbili mfululizo, asista ama mukubwa wa promosyo amutafute, na familia ipigiwe simu. Kungojea mpaka siku ya mitihani juu ya kumuambia «ulikosa mingi», ni kungojea mutu akufe kisha kuhesabu jetoni. Mutoto mwenye alirudishwa ku mulango juu ya minervali asiandikwe hakuja, na malipo yagawanywe kufuatana na siku za mushahara. Saa za walimu zibandikwe ku ubao, kila mutu azione. Na mwanafunzi mwenye kufanya kazi kweli apewe njia ya wazi: aseme, aandikwe, apangiwe saa za jioni ama za mwisho wa wiki pahali inawezekana. Njia ya wazi ikikosekana, ataendelea na ile ya kujificha.

Kwa wanafunzi: usimutilie rafiki jina. Kama anakosa juu ya njaa, leta neno lake kwa mukubwa wa promosyo, ama gawanya naye mukate. Ukimutilia jina, unamufunika, na mutu amefunikwa hatafutwi. Na kufika peke yake haitoshi. Mutu anaweza kukaa ku benchi saa nne, macho mu simu, akatoka vile aliingia. Uliza. Fanya mazoezi. Rudia somo usiku uleule.

Kwa wazazi: tumezoea kuuliza mara moja kwa mwaka, «Umepita?» Ni kuchelewa. Tuulize kila wiki: mwalimu gani alikuja? Mulifanya nini? Nionyeshe kaye. Hata kama hatujui kusoma mambo yaliyo ndani, tunajua kuona kaye yenye imeandikwa na ile iko nyeupe. Na tusimutume mutoto ku karyere mu mwezi wa masomo kisha tukashangaa kwamba hakupita. Kama makuta yamekosa kabisa, twende sisi wenyewe tuongee na iniversite, tusimuache mutoto peke yake na ule muzigo.

Mu mugodi, posti haiwezi kufunga kazi kama taa moja haijarudi. Watu wanasimama, wanauliza, wanaita jina. Hawasemi «ni shauri yake». Tunaomba iniversite zetu zifanye vilevile na watoto wetu, na sisi ku nyumba tufanye vilevile. Leo jioni, kama uko na mutoto ku iniversite, mupigie. Umuulize leo alikuwa wapi.