Kapalata: si kila chupa inayopiga «poo» ni shampanye

Kisangani – Siku ya arusi katika Kapalata, saa ya keki inajulikana hata kwa wale wanaosikiliza nje ya uzio. Mwenye maikro anazimisha muziki, anahesabu tatu, mbili, moja. Kizibo kinaruka, povu linamwagika juu ya viatu vya msimamizi wa ndoa, wamama wanapiga vigelegele. «Shampanye!» anatangaza mwenye maikro. Mara nyingi si kweli.

Chupa hiyo ikigeuzwa na mtu akasoma karatasi ya nyuma, ataona maneno ya Kifaransa: «vin mousseux». Mara nyingine kuna neno la tatu, limeandikwa kwa herufi ndogo: «gazéifié». Maana yake ni divai iliyotiwa gesi kwa mashini, sawa na vile soda inatiwa gesi. Kuinywa si kosa. Ila komiti ya arusi iliandika «champagne» ndani ya daftari la michango, ikapita nyumba kwa nyumba kwa mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa, kwa mjane wa mwanajeshi, kwa kijana wa taksi-moto, na kila mmoja akatoa feza akiamini kwamba jina lile linalingana na kitu. Hapo ndipo swali linaanza, na swali hilo ni la feza kabla ya kuwa la ladha.

Kapalata si mtaa wa matajiri. Wengi wanaujua kwa kambi ya kijeshi. Arusi moja inaweza kumaliza akiba ya familia mbili, na deni likabaki kwa miezi. Ndiyo maana inafaa watu wajue wananunua nini wanaponunua povu.

Shampanye ni jina la mahali. Ni jimbo la Ufaransa, upande wa kaskazini-mashariki, kando ya miji ya Reims na Épernay. Sheria ya Ufaransa ililinda jina hilo tangu mwaka wa 1936: zabibu zitoke huko, na divai itengenezwe kwa njia maalumu. Divai ya kawaida inawekwa ndani ya chupa pamoja na sukari kidogo na chachu, kisha chupa inafungwa. Chachu inakula sukari na kutoa gesi, na gesi haina mlango wa kutokea, kwa hiyo inaingia ndani ya divai yenyewe. Chupa inalazwa ndani ya pango la baridi. Kwa sheria, shampanye ya kawaida haiwezi kuuzwa kabla ya miezi 15. Ile yenye mwaka wa mavuno kwenye karatasi inangoja miaka 3. Baadaye mashapo ya chachu yanasogezwa polepole mpaka kwenye shingo ya chupa, yanatolewa, kizibo cha mwisho kinawekwa. Kazi hiyo na muda huo ndivyo vinavyolipwa. Jina pia linalipwa, na jina si rahisi.

Lakini njia hiyo si mali ya Champagne peke yake. Katika majimbo mengine ya Ufaransa, kama Alsace, Loire na Bourgogne, divai ya njia hiyohiyo inaitwa «crémant», na inangoja angalau miezi 9. Wahispania wana «cava», nayo inangoja miezi 9. Afrika yetu haikubaki nyuma: huko Stellenbosch, Afrika Kusini, nyumba ya Simonsig ilitengeneza divai ya namna hiyo kutokana na mavuno ya mwaka wa 1971, na leo divai hizo zinaitwa «Cap Classique». Mtu anayetaka chupa ya heshima kwa meza ya bwana na bibi arusi, na hana feza ya shampanye, atafute moja ya majina hayo matatu. Ataheshimika bila kudanganya mtu.

Kisha kuna «prosecco» ya Italia. Hiyo kwa kawaida haipati povu lake ndani ya chupa, inalipata ndani ya pipa kubwa la chuma lililofungwa, ndipo inamiminwa katika chupa. Kazi ni fupi zaidi na bei inashuka. Ladha yake ni ya matunda, kama pera na tufaha, na haihitaji mnywaji aliyezoea. Kwa arusi ya mchana, chini ya hema, prosecco inafaa kuliko shampanye kali ambayo nusu ya wageni wataiacha ndani ya glasi.

Na hapo kunakuja jambo ambalo linaharibu sherehe nyingi kuliko uongo wa jina: sukari.

Wageni wengi wa Kapalata wamezoea Fanta, Vitalo na Maltina. Wanapewa glasi ya povu pamoja na kipande cha keki chenye krimu, wanakunja uso. «Imeharibika», wanasema. Haikuharibika. Chupa iliandikwa «brut», yaani haina sukari nyingi, chini ya gramu 12 kwa lita. Soda nyingi zina gramu 100 na zaidi. Mtu akila keki kisha akanywa brut, ulimi unasikia uchungu wa limau tu. Chupa ya keki ni ile iliyoandikwa «demi-sec», yenye kati ya gramu 32 na 50. Brut ingoje samaki: chupa hiyo pamoja na samaki wa kukaanga wa mto Kongo, wenye chumvi na pilipili, ni jambo ambalo watu wa Kisangani wangepaswa kujaribu kabla ya kusema kwamba divai ya povu si kinywaji chao.

Maneno ya karatasi yanachanganya, na lawama ni ya Wazungu walioyachagua. «Sec» kwa Kifaransa ni kavu, kwa hiyo mnunuzi anafikiri haina sukari. Kumbe «sec» ina gramu 17 mpaka 32, ni tamu kuliko brut. Hata «extra dry», inayoonekana kwenye prosecco nyingi, ni tamu kidogo kuliko brut. Anayependa utamu wa kweli atafute «Asti», ya Italia pia: harufu ya zabibu mbichi, pombe kidogo kuliko divai ya kawaida. Bibi wa miaka 70 atamaliza glasi na kuuliza kama iko ingine.

Njia ya chupa mpaka Kisangani nayo si jambo dogo. Kutoka Ulaya inashuka Matadi, inafika Kinshasa, inapanda mto kwa mashua, safari ya kilomita karibu 1.700. Ama inatoka upande wa Uganda kupitia Beni na barabara ya taifa namba 4, juu ya lori, katika vumbi na mashimo. Wiki nzima, mara nyingine nyingi, ndani ya joto. Divai ya povu haipendi joto, na haipendi jua. Ile ya chupa nyeupe inayoangaza, iliyopangwa vizuri kwenye dirisha la duka kwa miezi mitatu, ndiyo ya kwanza kuharibika, juu ya mwanga wa jua kuingia bila kizuizi. Mnunuzi mwerevu haombi ile ya dirishani. Anaomba ile iliyo ndani ya katoni, nyuma, gizani. Muuzaji akikasirika, duka lingine liko.

Tena kuna umeme. Mji uko kando ya maporomoko, una bwawa la umeme la Tshopo, lakini firigo za Kapalata zinajua zaidi kulala kuliko kufanya kazi. Divai ya povu inanywewa ikiwa baridi, kati ya digrii 6 na 10. Siyo kwa kujionyesha. Ikiwa moto, gesi yote inatoka kwa mara moja: chupa inafunguliwa, nusu inamwagika chini, na kile kinachobaki kina ladha ya pombe tupu. Komiti nyingi zinanunua chupa 20 na kusahau barafu. Afadhali kupunguza chupa mbili na kununua barafu kwa feza hiyo. Beseni moja kubwa, barafu, maji na viganja viwili vya chumvi: kwa nusu saa chupa ziko tayari, SNEL iwepo au isiwepo.

Kuhusu kizibo, lazima kusema wazi. Ndani ya chupa ya shampanye kuna nguvu ya gesi karibu mara tatu ya ile iliyo ndani ya gurudumu la gari. Kizibo kinachoruka kutoka chupa ya moto, iliyotikiswa, kikielekea kwenye meza ya watoto, kinaweza kutoboa jicho. Anayefungua aweke kitambaa juu, aelekeze shingo mbali na watu, ashike kizibo kwa nguvu na azungushe chupa polepole. Sauti itakuwa ndogo, kama mtu anayepumua. Wapenda kelele watalalamika. Walalamike. Vijana wanaomaliza masomo kwenye Chuo Kikuu cha Kisangani, wale wanaomwagiana unga na povu barabarani siku ya diploma, wao wana sababu nyingine: hawanywi, wanaoga. Kwao chupa ya gesi ya bei ndogo kabisa inatosha. Kuoga kwa shampanye ya miezi 15 ni kutukana kazi ya mtu.

Hesabu nayo ni rahisi. Chupa ya sentilita 75 inatoa glasi 6 zilizojaa, ama glasi 10 ndogo za kuinua mara moja. Wageni 200 wanahitaji chupa 20, si 50. Komiti inayonunua 50 inafikiria watu watakaobeba zile zinazobaki.

Familia nyingi za Kapalata ni za makanisa yasiyoruhusu pombe, na pia kuna Waislamu. Kwao kuna juisi ya zabibu yenye povu, chupa yake imefungwa kwa karatasi ya dhahabu kama zile zingine, na hapo ndipo hatari iko. Kwenye meza moja chupa hizo mbili zinafanana kama mapacha. Mtoto anamiminiwa isiyofaa, mchungaji vilevile, na kijana wa moto atakayewarudisha wageni usiku anaamini amekunywa juisi. Maneno ya kutafuta ni «sans alcool», na namba ya asilimia karibu nayo. Kuweka meza mbili tofauti hakugharimu chochote.

Wapo watakaosema haya yote ni maneno ya watu wenye tumbo lililojaa. Furaha haipimwi kwa karatasi ya chupa, na arusi ya maskini ina haki ya «poo» yake. Ni kweli. Hakuna anayeomba kizibo kinyamaze katika Kapalata. Kinachoombwa ni kwamba chupa ya gesi iitwe chupa ya gesi na ilipwe hivyo. Bei ikishuka, furaha haishuki nayo.

Lakini kuna jambo la kushangaza zaidi. Wakati ule kizibo kinaruka mbele ya hema, nyuma ya nyumba wazee wamekaa juu ya viti vya plastiki wakizunguka bidoni ya njano. Ndani ya bidoni kuna masanga ya mbila, pombe ya mngazi. Nayo ina povu. Hakuna mashini iliyotia gesi pale: utomvu wa mngazi unatoka na sukari yake, chachu ya hewani na ya kibuyu inaingia, na ndani ya saa chache tu kinywaji kinachemka chenyewe. Chachu inayopatikana humo ni ya ukoo uleule unaofanya kazi ndani ya mapango ya Reims. Asubuhi ni tamu na laini, karibu «demi-sec». Jioni imekuwa kali, karibu «brut». Kesho yake inaelekea kwenye siki. Mnywaji anaweza kuchagua ladha kwa kuangalia saa, jambo ambalo mwenye shampanye hawezi.

Basi kwa nini kile kilichotiwa gesi kwa mashini kinakaa mbele, na kile chenye povu la asili kinafichwa nyuma ya jiko? Jibu ni aibu. Bidoni si nzuri kwenye picha. Ila bidoni si lazima. Masanga yaliyochujwa vizuri kwa kitambaa safi, yakamiminwa baridi ndani ya glasi ndefu, yana rangi ya maziwa na povu dogo juu, na bibi arusi anaweza kuyainua bila kuogopa kamera.

Wagema pia wana kazi yao. Wanywaji wa Kisangani wanalalamika juu ya masanga yaliyoongezwa maji na sukari ya vidonge, na methali ya mgema aliyesifiwa haikutungwa bure. Komiti ionje kwanza, kama vile inavyoonja mchele na nyama. Ikipata mgema mwaminifu, imwambie siku mbili mbele saa kamili ya kukata keki. Kama keki ni saa tisa, anahitaji utomvu wa asubuhi. Na asifunge bidoni kwa nguvu akiwa juu ya moto, juu ya mashimo ya njia ya Kapalata inaweza kupasuka kabla ya kufika.