Usingizi Uingie kwenye Ratiba
Muhula wa Chuo Kikuu cha Makerere una majuma 17, mawili ya mwisho yakiwa ya mitihani, na kazi za darasani kwa kawaida hubeba hadi alama 40 kati ya 100. Anayeanza kukesha mwishoni mwa muhula kwenye hosteli za Kikoni amekwisha kuchelewa kuzipata alama hizo, tena anaunyima ubongo usingizi unaohifadhi alichosoma. Wapo watakaosema mwanafunzi wa jioni, anayetoka kazini akakwama kwenye foleni ya magari ya Wandegeya, karibu na chuo, hana nafasi ya kupanga ratiba. Mzigo wake ni mzito kweli, lakini mwenye saa chache ndiye asiyepaswa kuzipoteza. Usingizi na uandikwe kwanza. Hata hivyo, kama kinachokunyima usingizi ni huzuni, ratiba haiitibu. Chuo kina kituo cha ushauri nasaha: nenda mapema, kabla hujaanza kukosa vipindi.