Weupe Usio na Kazi

Tangu Agosti 1, 2025, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipotupa rufaa za Ufaransa na Kamisheni ya Ulaya, watetezi wa titaniamu dayoksaidi wanatembea kifua mbele. Ukiwasikiliza, utadhani rangi hii nyeupe, inayoandikwa E171 kwenye pakiti za vyakula, imesafishwa. Haijasafishwa. Kesi ilihusu unga wake unapovutwa kwa pumzi, kama utajwe kuwa unashukiwa kuleta saratani. Wataalamu walipiga hesabu ya mapafu kwa msongamano wa chembe moja moja, gramu 4.3 kwa sentimita ya ujazo, ilhali chembe hizo hushikamana na kuwa mafungu yenye msongamano mdogo zaidi. Hesabu ikaharibika, uamuzi wa kuutaja hivyo ukafutwa. Ni haki. Lakini chakula hakikuwemo kwenye shauri hilo, na marufuku ya E171 katika vyakula vya Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2022, iko palepale. Na ibaki.

Upande wa pili nao una yake. Uingereza inaendelea kuiruhusu. Jopo la wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 halikuona haja ya kuiwekea kikomo cha kila siku. Tena sehemu kubwa ya inayoliwa hutoka na choo. Haya, yamesikika.

Sasa tuulize: inafanya kazi gani? Chukua pipi ya duara yenye ganda gumu jekundu, uimumunye kidogo kisha uitazame. Wekundu umeyeyuka, chini yake kuna tabaka jeupe pe. Mara nyingi weupe huo ndio E171, uliopakwa ili rangi ya juu ing'ae. Haileti ladha, hailishi, haizuii kuoza. Chumvi ya nitriti kwenye soseji ina lawama zake, lakini inazuia bakteria wanaoua; hapo kuna cha kupima pande zote mbili. Hapa mizani ina upande mmoja tu.

Na upande huo una nini? Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2021 kwamba hadi nusu ya idadi ya chembe za E171 zinaweza kuwa chini ya nanomita 100. Zinazofyonzwa mwilini ni chache, ila zinaweza kulimbikizana. Mamlaka hiyo haikusema E171 inaua. Ilisema haiwezi kuondoa shaka kwamba inaharibu vinasaba, hivyo haiwezi kutaja kiasi salama cha kula.

Halafu tunaambiwa tusubiri ushahidi kamili! Tusubiri kwa faida ya nani? Mlaji mkubwa wa pipi ni mtoto, na hakuna mtoto aliyewahi kudhoofika kwa kukosa weupe. Ufaransa iliiondoa kwenye vyakula tangu Januari 2020, na maduka yake bado yamejaa pipi.

Kwenye vidonge vya dawa nitavumilia kidogo, kwani huko ganda husaidia kukinga dawa dhidi ya mwanga. Chakula hakina udhuru huo. Hata hivyo Marekani bado inaruhusu hadi asilimia 1 ya uzito wa chakula, kwa kanuni ya mwaka 1966. Ombi la kuifuta kanuni hiyo lilifika FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, mwaka 2023.