Ukienda Vernazza, Tazama Kuta

Mimi ng'ambo sijafika, hata shuleni naja kwa miguu. Lakini nimesoma habari za Vernazza, kijiji cha pwani huko Italia, kwenye bahari ya Mediterania. Ni kimojawapo cha vijiji 5 vya Cinque Terre.

Mgeni huko hakosi la kufanya. Ataogelea bandarini, atapanda mnara wa kale, kisha atashika njia ya mlimani hadi Monterosso. Yote mazuri. Ila kwa maoni yangu, cha kwanza kutazamwa ni kuta za mawe. Wakulima walipanga jiwe juu ya jiwe bila saruji, wakapata matuta ya kupandia mizabibu. Kuta hizo ndizo zinazoushika mlima.

Watu wengi walipoacha kulima, kuta zikaanza kubomoka. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilinyesha, na matope yakafukia barabara na maduka ya Vernazza. Watu 3 walikufa. Jamani! Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku hizi anayepita njia ile hununua kadi, na pesa husaidia kuitengeneza. Wapo wanaonung'unika eti mlima ni wa Mungu. La hasha! Mlima ni wa Mungu, lakini kuta zilijengwa kwa mikono ya watu. Mtalii anayepiga picha tu na kwenda zake ni kama mla embe asiyejali mwembe. Alipe, tena ashukuru. Au mwasemaje, wenzangu?