Kabla ya Gauni, Tupimwe Presha



Wengi wenu mnatujua kwa nguo. Sisi ni wanawake wa cherehani. Fremu yetu moja iko Handeni, nyingine Korogwe, na Ramadhani ikifika kati mizigo yetu huanza kupanda basi, kisha boti, kuja kwenu visiwani kwa harusi za Shawwal. Leo hatuna gauni la kuwaonesha. Tuna jambo limetukaa rohoni tangu mwaka jana, na tumeona bora tuliseme hapa tunapozungumza wanawake kwa wanawake.

Tulikuwa na bi harusi wetu wa Korogwe. Jina lake tunalihifadhi. Tulimshonea gauni la nikahi, kanga za mapambo na abaya tatu za kuanzia maisha. Binti mwembamba, mcheshi, umri miaka 22. Baada ya miezi kadhaa alirudi akiwa na mimba kubwa, alhamdulillah, akataka tumtanulie abaya mbili. Tukachukua futi. Tumbo lilikuwa limekua kama inavyotakiwa, lakini hata mkono ulikuwa umeongezeka. Pete ya ndoa alikuwa ameivua kwa sabuni. Uso umejaa, macho yamevimba. Alituambia kichwa kinamgonga siku ya tatu, na saa nyingine anaona kama vimulimuli.

Unajua tulimjibu nini? Tulicheka. Mmoja wetu akamwambia, "Mimba imekupenda, mama, huyo ni wa kiume." Tukamfumulia mishono, tukampa abaya zake, akaenda.

Wiki ileile alianguka akatupa mikono na miguu. Nyumbani wakasema ni jini, ana wivu na mimba. Akasomewa, akafukizwa ubani, pakatafutwa mganga, maana huku kwetu waganga hawatafutwi mbali. Usiku ukapita. Alipofikishwa hospitali asubuhi presha yake ilikuwa juu sana, na ile iliyoitwa jini ilikuwa kifafa cha mimba. Yeye Allah alimbakisha. Mtoto hakumuwahi.

Tulipokwenda kumpa pole ndipo mama yake alipofungua kinywa. Kumbe yeye mwenyewe ana presha miaka mingi, na hata alipombeba binti huyu alivimba vivyo hivyo. Hakusema, kwa sababu alihofia wakwe watasema wameletewa mgonjwa. Sisi nasi tulikuwa na futi mkononi, tuliuona uvimbe, tukaugeuza utani. Hatumnyooshei mtu kidole. Tunaanza na vidole vyetu wenyewe.

Sasa tuseme rai yetu wazi. Katika orodha ya maandalizi ya harusi, pale panapoandikwa mahari, ukumbi, hina, mpambaji na gauni, paandikwe pia kipimo cha presha. Cha bi harusi, cha mama yake, na ikiwezekana cha bwana harusi. Na historia ya ugonjwa huu katika ukoo isemwe, isifichwe.

Atatokea wa kusema, "Binti wa miaka 20 na presha wapi na wapi? Hayo ni ya wazee na matajiri." Hivyo ndivyo tulivyodhani na sisi. Lakini utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama mtu 1 katika kila 4 ana presha ya juu. Na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba duniani kuna watu kama bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wenye ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajijui. Hawajijui kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Unapika, unafua, unacheza ngoma ya harusi, na yenyewe inafanya kazi yake ndani kimyakimya.

Sisi tunaielewa kwa lugha ya cherehani. Ukikaza sana uzi, siku ya kwanza mashine inashona. Siku ya pili inashona. Lakini kitambaa kinaanza kujikunja, uzi unakatika, na mwisho mashine yenyewe inachoka. Damu nayo inasukumwa na moyo ipite kwenye mishipa. Msukumo ukizidi kwa miaka, moyo unafanya kazi kupita kiasi, unatanuka na kudhoofu. Mishipa inakuwa migumu. Ikiziba au kupasuka kichwani, hicho ni kiharusi. Figo zina mishipa midogo sana ya kuchuja damu, nayo inaharibika. Figo zikiharibika presha inazidi kupanda, basi huwa mzunguko usio na mwisho. Macho nayo hudhurika. Na kisukari ni jirani yake wa karibu, mara nyingi ukimkuta mmoja ndani ya nyumba, mwenzake yuko barazani.

Kiharusi hicho ndicho watu wengi wa kwetu wanakiita kurogwa au kupigwa na shetani. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwahesabu waliopatwa na kiharusi wilayani Hai kule Kilimanjaro na pia Dar es Salaam. Hata baada ya kulinganisha umri, mjini Dar es Salaam walikuwa karibu mara tatu ya Hai. Kama ni uchawi, basi tuulize kwa nini unapenda mjini, penye chumvi nyingi, vyakula vya kukaanga na kukaa kutwa nzima bila kutembea.

Hatukanushi kuwa majini wapo. Sisi ni Waislamu, tunaamini ghaibu. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kutafuta tiba, na akatufundisha tumfunge ngamia kwanza ndipo tutawakali. Kisomo na hospitali havigombani. Msomee mgonjwa wako Qur'an akiwa ndani ya gari la kwenda hospitali. Kifafa cha mimba kina dawa, inaitwa magneziamu salfeti, inatolewa kwa sindano au dripu, na imeokoa kina mama wengi. Kinachoua ni kuchelewa.

Kwa hiyo shoga, ukiwa na mimba iliyovuka miezi mitano ukapata kichwa kikali kisichotulia, macho kuona vimulimuli au giza, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, usingoje zamu ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Hata baada ya kujifungua hatari haijaisha, wiki za arobaini nazo ziangaliwe. Na kliniki usikose, kwani pale wanakupima presha na mkojo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8. Aliyewahi kupanda presha kwenye mimba aendelee kupima maisha yake yote, kwa sababu uwezekano wake wa kupata presha, ugonjwa wa moyo na kiharusi baadaye ni mkubwa kuliko wa wenzake.

Yako mambo mengine ya ma-bi harusi ambayo hayasemwi.

La kwanza ni mkorogo. Tunawaona mnakuja kupima gauni mna rangi moja, mnakuja kuchukua mna nyingine. Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, na zebaki inaharibu figo. Mengine yana dawa kali za steroidi. Ukijipaka mwili mzima kwa muda mrefu zinaingia mwilini, na zinaweza kupandisha presha na sukari. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa kificho ni hayohayo, vingine vina deksamethasoni. Tumewahi kutanua gauni mara mbili ndani ya mwezi mmoja kwa sababu ya vidonge. Uso uliojaa kwa dawa si afya, mwanangu.

La pili ni vidonge vya uzazi wa mpango. Vile vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha presha kwa baadhi ya wanawake, kwa hiyo upimwe kabla hujaanza, usiazime vya shoga yako. Na dawa za maumivu kama diklofenaki, unazomeza kila mwezi tumbo linapouma, zikizoeleka sana zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo.

La tatu, kama tayari unatumia dawa za presha na unataka kuolewa, mwambie daktari kwamba unatarajia kubeba mimba. Dawa kama kaptopril, enalapril na losatani hazifai kwa mjamzito, na zipo nyingine zinazofaa. Usiziache mwenyewe, badilishiwa. Hapa ndipo siri inapoua. Mwanamke anayeficha dawa chini ya godoro ili mume asione, iko siku ataziacha kabisa.

Watasema akisema ataachwa. Huenda. Lakini tuulize: mume atakayekukimbia kwa kidonge kimoja cha asubuhi, angekaa na wewe ukiwa umepooza upande mmoja? Familia zetu zinazoea sasa kupima virusi vya UKIMWI kabla ya nikahi, na zamani hilo lilikuwa aibu kubwa. Presha si aibu hata chembe. Inarithika kama urefu wa shingo. Na si ugonjwa wa kumzuia mtu kuolewa wala kuzaa, ni wa kumfanya ajue mapema na aangaliwe.

Kupima hakuna gharama ya kutisha, na zahanati nyingi zina kipimo. Ila tujue adabu yake. Kaa kitako dakika tano, usiwe umetoka kukimbilia daladala wala kunywa kahawa, nenda haja ndogo kwanza, miguu ikanyage chini, usiongee. Na kile kitambaa kifungwe kwenye mkono ulio wazi. Hapa kina dada wengi wenye abaya za mikono ya kubana wanaona haya, ama wanafungwa juu ya nguo, ama wanasukuma mkono wa nguo juu mpaka unakaba, na namba inatoka ya uongo. Omba muuguzi wa kike, omba pazia, ni haki yako. Sisi kwa upande wetu tumeanza kuwashonea wajawazito abaya zenye mikono mipana inayopanda mpaka begani bila kubana, na hatuongezi bei kwa hilo. Ukisomewa 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikibaki hapo anza matibabu. Lakini kama una mimba usirudi nyumbani kungoja siku nyingine, mwone daktari palepale. Dawa za presha si za dozi ya siku saba. Kujisikia vizuri maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba ugonjwa umeondoka.

Jikoni nako tutazame. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya mkate, achari na viungo vya pakiti. Papa mkavu na ng'onda tunaowapenda, walowekwe na kumwagwa maji kabla ya kuungwa. Huku Handeni na Korogwe tuna machungwa, ndizi na mboga za majani kila gulio, nanyi visiwani mna matunda yenu. Vitembelee vyakula hivyo kabla ya vibanzi. Mwenye maradhi na anayetaka kufunga azungumze na daktari juu ya saa za dawa. Allah amempa mgonjwa ruhusa, tusiwe wakali kuliko dini yenyewe.

Na ninyi masomo na makungwi, mna siku nzuri za kukaa na binti chumbani. Mnamfundisha kujitunza, kupika na kukaa na mume. Ongezeni swali moja: "Kwenu nani ana presha, na wewe umepima lini?"

Sisi tumeshaanza. Pale fremu ya Handeni na ile ya Korogwe, daftari la vipimo lina mistari ya bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu. Tumechora mstari mmoja chini yake: presha. Hatuipimi sisi, si kazi yetu. Tunamuuliza binti kama amepima, na kama bado tunamwomba apite zahanati kabla ya kuja kujaribu gauni. Kiuno kikizidi inchi 35, yaani kama sentimita 88, tunamwambia kwa upole kwamba huo nao ni mlango wa presha na kisukari. Na mjamzito akija pete haipiti kidoleni, hatucheki tena. Tunafunga mashine, mmoja wetu anamsindikiza.

Bi harusi wetu wa Korogwe amerudi mwezi uliopita. Anatumia dawa, anapimwa, na daktari amemwambia akitaka mimba nyingine aje waipange pamoja. Hakuja na kazi ya kushona. Alikuja na mdogo wake anayeolewa, akamkalisha kwenye stuli yetu akasema, "Muulizeni."

Allah amrehemu malaika wake, ampe kizazi chema, na atulinde sote. Amin.