Deni la nyumba lisipite kontra ya kazi

Ndugu wafanyakazi, na nyinyi bamama mwenye kuchunga makuta ya nyumba, mu Kolwezi siku hizi maneno iko moja: banki inakopesha, tununue parsele, tujenge nyumba za kulipisha. Wazo si baya. Mine inaisha, nyumba inabakia. Lakini sisi wa sendika tunaona shida moja yenye karatasi ya banki haisemi.

Tuhesabu pamoja, kwa mfano. Umekopa dolare 12.000 kwa miezi 36, faida ya banki ni 1,5% kila mwezi. Utalipa karibu dolare 434 kwa mwezi, na mwisho utakuwa umerudisha zaidi ya 15.600. Umejenga milango miwili, kila mmoja dolare 150. Inaingiza 300. Zile 134 zenye kupunguka zinatoka mu mshahara wako. Na wakati ungali unajenga, hakuna lokatere: 434 yote iko juu yako.

Sasa, lokatere wetu ni nani? Ni mfanyakazi wa mine kama sisi, ao mama mwenye kuuzia wafanyakazi chakula. Mine ikisimama, mshahara wako na loyé yake vinakauka siku moja. Tuliona Mutanda ikisimamishwa mwisho wa 2019, wakati bei ya cobalt ilianguka. Tuliona tena mwaka 2025: Serikali ilifunga kutosha cobalt inje tangu Februari mpaka kati ya Oktoba. Banki yenyewe haikai kungojea bei ipande.

Shida kubwa njo hii. Code du travail inasema kontra ya muda (CDD) haiwezi kupita miaka miwili, na inaweza kurudiwa mara moja tu. Wengi wetu wa sous-traitance tuko na kontra za namna hiyo, ao fupi zaidi. Mtu anasaini deni ya miaka mitatu juu ya kontra ya mwaka moja! Kontra ikiisha, décompte final inapita kwanza ku banki. Kama ulitia nyumba hypothèque, nayo inaweza kuuzishwa.

Kuna wenye kusema: "Mimi sikutia nyumba garanti." Mara mingi ni juu parsele haina karatasi ya kweli. Kwa sheria ya 1973, udongo ni wa Serikali; sisi tunapata concession, na titre yake ni certificat d'enregistrement. Karatasi ya shefu wa kartié na attestation de vente haziko titre. Certificat ikiisha kupita miaka miwili, mtu mwingine hawezi tena kuishambulia. Parsele ya bei ndogo bila certificat inaweza kuwa imeuzishwa kwa watu wawili, na deni utalilipa wewe peke yako.

Hatusemi musijenge. Tunasema hivi: deni liishe mbele ya kontra. Muanze na mlango moja, ule wa pili ujengwe na loyé ya ule wa kwanza. Muweke pembeni malipo ya miezi sita mbele ya kusaini. Garanti ya lokatere, yenye sheria ya 2015 inaruhusu mpaka miezi mitatu, musiihesabu kama makuta yenu: siku moja mutairudisha. Na bibi asome karatasi yote, juu siku bwana hayuko tena, ni yeye banki itamupigia mlango.

Kwa délégués wenzetu: mu mazungumzo ya convention collective, tuombe kampuni na banki waandike neno moja. Mine ikisimama bila kosa la mfanyakazi, malipo ya deni isimame pia, bila amende. Peke yake mfanyakazi hawezi kupata neno hilo ku guichet. Tukiwa wote, tunaweza.