Saa 12 Zilizoporwa

Siku hizi semina ya afya ya akili kazini haimaliziki bila nasaha ileile: mtumishi apumzike na skrini, aweke simu mbali mapema, alale. Nasaha ni njema. Ninayemshangaa ni mtoaji wake. Mchana mkuu wa idara huitoa jukwaani. Saa nne usiku huyohuyo huandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kwamba taarifa fulani iwe mezani kwake kesho asubuhi. Zima simu basi, tuone.

Tumeligeuza suala la kazi kuwa suala la tabia. Asiyeweza kuweka simu chini huitwa mraibu, ilhali wengi ninaowafahamu huishika kwa hofu. Mwanafunzi aliyelala mapema huamka na kukuta jaribio limesogezwa hadi asubuhi hiyohiyo, kwa ujumbe wa sauti wa mhadhiri wake. Karani aliyeiacha simu chumbani akaenda kupika huulizwa mbele ya wenzake kwa nini alama mbili hazikugeuka buluu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa ajili ya simu, lakini inatutosha. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na inampa mfanyakazi angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Neno zito hapo ni mfululizo. Agizo la saa nne usiku huzikata saa hizo vipande viwili, na malipo ya saa za ziada hayatajwi. Hata bando amelinunua mtumishi mwenyewe!

Tutaambiwa ni dakika mbili tu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine, hasa akiwa hajaimaliza ile ya kwanza, sehemu ya mawazo yake hubaki alikotoka. Aliyesoma agizo la usiku kisha akarudi kwenye kitabu, au kwa mwanawe, hajarudi mzima.

Na dharura je? Muuguzi na askari wa zimamoto wana zamu, na zamu ina mwanzo, ina mwisho, na ina mtu wa kuipokea. Kundi la ofisi ni zamu isiyo na mpokeaji. Taarifa ya robo mwaka haijawahi kuwa dharura. Tarehe yake inajulikana tangu Julai.

Ufaransa, tangu Januari 2017, huzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kutopatikana nje ya saa za kazi. Jirani zetu Kenya walipeleka muswada wa namna hiyo katika Seneti mwaka 2022. Sisi hatuna hata haja ya kulisubiri Bunge. Waraka wa ukurasa mmoja wa katibu mkuu, au wa makamu mkuu wa chuo, unatosha: agizo lililotumwa baada ya saa kumi na mbili jioni lihesabiwe kuwa limepokelewa asubuhi, na badiliko lolote la ratiba ya mitihani libandikwe ubaoni walau saa 24 kabla. Vyama vya wafanyakazi na serikali za wanafunzi viuandike wenyewe na kuupeleka ukatiwe saini, kabla ya semina ijayo.